Chakula cha Mchana kwa Mama Mkwe

Mkitaka kumwonyesha mgeni Mlima Elgon, mwamsheni mapema. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukisimama barabarani nje ya Kitale, mlima wote uko mbele yako hadi vilele. Kufika saa nne mawingu yameshauchukua, na mgeni aliyechelewa kumaliza chai atarudi Nairobi akiwaambia watu kwamba alipelekwa kuona mlima na mlima haukuwepo. Nimewahi kulaumiwa hivyo. Mama mmoja aliniuliza kwa nini sikupiga simu kwanza kuhakikisha.

Nilitembeza wageni kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano, nikiendesha gari mwenyewe na kueleza mwenyewe. Safari zangu zilikuwa za siku moja. Tunatoka Kitale asubuhi, tunapita Kiminini na Kamukuywa, tunapandia Kimilili hadi Kapsokwony, mji mdogo wa baridi na viazi huko mlimani. Tunatembea sokoni, tunaona pango na msitu, tunakula chakula cha wenyeji, tunashuka kabla ya giza. Sasa nimestaafu kwa sababu magoti yamekataa. Lakini haupiti mwezi bila kijana mmoja au wawili kunijia hapa Tuwan, mtaani Kitale, kuuliza kazi hii inafanywaje, na wote huanza na gari. Ati, mzee, ninunue gari gani? Gari ni jambo la mwisho. Nitawaambia machache ya mwanzo, halafu nitawaambia habari ya siku ambayo mama mkwe wangu nusura afe huku mimi nikimheshimu. Siku hiyo ilinifundisha kazi kuliko miaka yangu yote barabarani, na nilisomea kwa damu ya mtu mwingine.

Mimi ni Barasa, Mbukusu wa Bumula, mtu wa tambarare na miwa. Baba alitaka niajiriwe kiwanda cha karatasi Webuye, nikamwambia sipendi harufu yake. Nilipoanza kupeleka watu mlimani sikujua mti wala ndege wa huko. Aliyenifundisha ni Mzee Ndiema, Msabaot aliyefuga ng'ombe juu ya Kapsokwony, karibu na pango nililopenda kuwapeleka wageni. Siku moja niliwaingiza watu ndani, nikawaonyesha michoro mirefu ukutani, nikawaambia hiyo ni kazi ya pembe za tembo, wanakuja kuchimba chumvi. Nilikuwa nimesikia kwamba upande mwingine wa mlima tembo hufanya hivyo, nikaona si vibaya kuwaazima. Wageni wakapiga picha. Mzee Ndiema alikuwa amekaa mlangoni mwa pango akichonga fimbo, na akauliza bila kuinua kichwa:

"Hiyo tembo ulimwona lini?"

Nikautazama ukuta tena.

"Hizo ni alama za shoka ya mama yangu," akasema. "Alikuwa anachimbia ng'ombe chumvi. Tulilala hapa ndani na ng'ombe, mimi nikiwa kitoto. Si ungeniuliza tu? Niko hapa kila siku."

Wageni waliwaacha tembo wangu pale pale. Walikaa na mzee saa nzima wakimuuliza moshi ulitokea wapi, ng'ombe walilala upande gani, mvua ikipiga walifanyaje. Mimi hakuna aliyeniuliza kitu mpaka tulipofika Kimilili, na huko niliulizwa choo kiko wapi. Tangu siku hiyo sikumsemea mtu aliye hai na aliye karibu. Angalau nilidhani nimeshika somo.

Mambo mengine ni madogo lakini yanawaangusha wengi. Mwambie mgeni avae viatu alivyovizoea, si vipya. Viatu vipya na mteremko wa tope jekundu havijawahi kupatana. Mwambie asalimie kabla ya kutoa simu kupiga picha. Mama wa vitunguu pale sokoni Kapsokwony akisalimiwa vizuri atakubali apigwe picha na vitunguu vyake na hata jirani yake. Asiposalimiwa atakurushia kitunguu, na ana shabaha. Usiahidi mnyama. Sema tu, "Tukibahatika," na mbega mmoja akiruka mtini watakushukuru kana kwamba umemlipa. Siku hizi kila mgeni ana ramani kwenye simu, na nyinyi mnaiamini sana. Ramani hiyo iliwahi kumwongoza bwana mmoja, hatua kwa hatua, hadi ndani ya zizi la watu.

Mvua ya huko hupiga baada ya saa nane. Kwa hiyo kutembea ni kabla ya kula, na kula kusipite saa saba. Hapo kwenye kula ndipo mama mkwe anapoingia.

Zamani tulikula hoteli moja mjini. Ilipofungwa nilibaki nahangaika, nikiwapa wageni mandazi ndani ya gari kama watoto wa shule. Mke wangu Nafula ndiye aliyesema, "Si mama yuko huko juu? Hakuna mtu anapika maleya kama yeye." Maleya ni machipukizi ya mianzi ya mlimani. Yanakaushwa kwa moshi mpaka yawe meusi na magumu, halafu yanachemshwa tena na kupikwa kwa karanga za kusaga. Ukila na ugali wa moto utasahau nyama. Mama Rispa alikuwa mjane, nyumba yake iko juu ya mji, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka lami, kupitia mto mdogo wenye daraja la magogo. Wageni walipenda ule mwendo. Walipenda moshi wa jiko lake, walipenda kukaa barazani wakitazama tambarare yote hadi Bungoma. Kwa hiyo likawa jambo jema kwa kila mtu, isipokuwa kwamba mimi nilikuwa mkwe wake.

Nyinyi mliozaliwa na simu mkononi pengine mmesikia tu. Kwetu mkwe mwanamume na mama mkwe hawapeani mikono. Haingii nyumbani mwake, hali mbele yake, hamtazami usoni. Mkikutana njiani mmoja anapisha vichakani. Si chuki, wala si woga. Ni heshima ya yule aliyemzaa mke wako, na nilimpenda mama yule sana pamoja na kwamba kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuona macho yake sawasawa.

Tulikuwa na utaratibu. Nikifika kwenye ua wa michongoma, kabla ya kona, nakohoa kwa nguvu mara mbili. Mama akisikia anaingia jikoni. Wageni wanaingia, wanakaribishwa, na mimi nazunguka nyuma ya ghala la mahindi, nakaa kwenye gogo langu. Chakula changu naletewa na mgeni mmoja. Tukiwa na la kuambiana linapita kwa mgeni. Utasikia kutoka jikoni: "Mwambieni mkwe wangu chumvi imeisha, wiki ijayo asisahau." Na mimi, hatua sita kutoka hapo, najibu: "Mwambieni mama nimesikia." Wageni walicheka mpaka machozi. Wengine waliniambia hiyo ndiyo sehemu waliyoipenda kuliko pango. Nami, kwa ujinga wangu, nilianza kuifanya kama maonyesho. Nikawa nakohoa kwa mbwembwe.

Siku ninayoisema nilikuwa na walimu wanne wa sekondari kutoka Machakos, wote wanawake, wakiongozwa na mmoja anayeitwa Mueni, mfupi, mkali, anayetaka kila kitu kielezwe kwa mpangilio. Mawingu yalitanda mapema. Nikakatiza matembezi ya msituni, nikawaleta kwa mama saa sita na robo badala ya saa saba. Njiani Mueni aliniuliza kuhusu miti, na mimi nilikuwa nimenogewa na maneno yangu. Nikawa naeleza jinsi mzeituni wa mlimani unavyochelewa kuoza, huku natembea kinyumenyume mbele yao kama nilivyozoea. Nikapita ua wa michongoma. Nikapita kona. Sikukohoa.

Mama alikuwa uani anapasua kuni za kumalizia maleya. Aliposikia sauti ya mwanamume karibu hivyo, aligeuka ghafla ili asionane na mimi, na shoka lilikuwa tayari linashuka. Liliteleza kwenye gogo likampiga kwenye muundi wa mguu.

Hakupiga kelele. Alikaa chini tu, akavuta kanga akafunika uso kwanza, ndipo akashika mguu. Hilo nimelikumbuka mara nyingi. Uso kwanza.

Walimu walimkimbilia. Mueni alifunga leso juu ya kidonda, akakaza, damu ikapita. Akaita, "Mzee, kuja umbebe, gari iko wapi?" Gari lilikuwa chini barabarani, nusu saa. Mimi nilikuwa nimesimama uani, macho chini. Nikasema, "Naenda kutafuta mtu." Nikakimbia.

Hilo ndilo kosa langu la pili, vijana, na la kwanza lilikuwa dogo. Nilikuwa na mgongo, miguu na nguvu za kutosha. Nilibeba magunia ya viazi mara ngapi kwa ajili ya wageni walionunua kupita kiasi. Lakini nilikimbia kutafuta mwanamume ambaye si mkwe.

Jirani wa kwanza hayupo. Wa pili hayupo. Bibi kikongwe aliyekuwa anaanika maharagwe aliniambia wanaume wote wamevuka kwenda kwenye mazishi kilima cha pili. Simu haikuwa na mtandao. Nikavuka daraja la magogo, nikateremka hadi lami, nikamkuta mwendesha boda boda mmoja amekaa juu ya pikipiki yake, kijana mwenye mabega mapana kama mlango. Moyo ukatulia.

"Kuja unisaidie kubeba mgonjwa huko juu. Amejikata na shoka."

Alishaanza kushuka. "Nani huyo?"

"Mama Rispa."

Akarudi kukaa. "Mzee, huyo mimi siwezi kumbeba. Nimeposa mjukuu yake. Wazee wetu walienda huko mwezi uliopita."

"Bado hujaoa."

"Lakini nimeposa, bana. Wewe ni nani wake?"

"Mkwe."

Tulitazamana, wakwe wawili barabarani, kila mmoja akiomba mwenzake awe mtu baki. Hatimaye akasema atashuka mjini atafute watu, akawasha pikipiki akaondoka. Nikaanza kupanda tena. Mvua ilianza nikiwa darajani. Niliteleza mara mbili, na njia nzima nilijiambia kwamba nimefanya lolote linalowezekana. Nilikuwa najidanganya na nilijua.

Nilipofika ilikuwa imepita zaidi ya saa moja tangu ajikate. Kwenye lango palikuwa na kiti cha mbao kimevunjika mguu, na mwalimu mmoja alikuwa ametapakaa tope hadi nywele. Walijaribu kumbeba mama kwa kiti, wote wanne, wakateleza kabla ya kona. Mama Rispa alikuwa mwanamke mkubwa, na viatu vyao vilikuwa vya mjini. Sasa alikuwa amelazwa mkekani barazani, mguu umeinuliwa juu ya debe, leso tatu zimelowa. Midomo yake ilikuwa imepauka. Nikasimama uani kwenye mvua.

"Mwalimu," mama akasema kwa sauti ndogo, "muulize mkwe wangu kama amepata mtu."

Mueni alinitazama. Nilikuwa hatua nne kutoka kwao. "Shosho," akamwambia mama, "amekusikia."

"Muulize."

"Mzee, shosho anauliza kama umepata mtu."

"Mwambie kuna mmoja, lakini na yeye ni mkwe. Ameenda kutafuta wengine mjini."

Mueni akasimama. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Nyinyi mnacheza ama? Huyu mama anaishiwa damu na nyinyi mnaulizana habari kupitia kwangu? Mimi ni simu?"

"Usimgombeze," mama akasema. "Anafanya vile alifundishwa." Akavuta pumzi. "Ingia kwa chumba yangu ulete blanketi ya kitanda. Ile nzito."

Mueni akaleta.

"Mnifunge nayo yote, mpaka kichwa, mniachie macho tu. Sasa mwambie mkwe wangu atoe viatu, huko chini kunateleza. Mwambie ageuke. Mwambie achuchumae."

Mueni alifungua mdomo, lakini mimi nilikuwa nimeshachuchumaa.

Wakamweka mgongoni mwangu. Alikuwa amefungwa kama mzigo wa sokoni, mikono yake ndani ya blanketi, nami nikamfunga kwangu kwa kanga mbili kupitia kifuani. Nilipoinuka magoti yalilia. Haya magoti mnayoyaona ninayalaumu kwa mengine, lakini siku ile yalinifaa.

Kuteremka na mzigo kwenye tope kuna namna yake, na huenda siku moja mkaihitaji. Usivae kiatu. Tanguliza kisigino, ukichimbe, ndipo uhamishe uzito. Teremka ubavu ubavu. Usitazame mbali, tazama hatua mbili tu. Walimu wawili walitangulia wakinishika mikono, Mueni nyuma ameshika mguu wa mama usining'inie. Nilisikia joto la mama kupitia blanketi, na nilisikia aibu kubwa, nisiwafiche. Mwili wangu wote ulitaka kumweka chini na kukimbilia vichakani kumpisha.

Tulipopita lango, sauti ikatoka nyuma ya sikio langu: "Kushoto kuna jiwe."

Nikadhani anamwambia Mueni. Nikangoja Mueni anipitishie.

"Ni wewe nakwambia. Kuna jiwe."

Nikalikwepa. Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyoniambia tangu nimwoe binti yake, na nilikuwa na watoto wakubwa wakati huo. Machozi yalinitoka, bahati mvua ilikuwepo.

Tukaenda hatua nyingine. Kisha akauliza, "Kwa nini ulikimbia?"

"Nilienda kutafuta mtu, mama."

"Nilimwambia mwalimu akuite. Akaita sana. Ulikuwa umeshavuka mto."

"Ilikuwa heshima, mama."

"Heshima ya nani?"

"Yako."

Tulikuwa kwenye daraja la magogo, na hapo sikuweza kugeuka wala kusimama. Nilipokanyaga ng'ambo akasema, "Kama ni yangu, mimi ndio najua mahali inaishia. Wewe ulijuaje?"

Nilikuwa nimeieleza ile mila kwa mamia ya wageni, nikiwa nimekaa kwenye gogo langu nyuma ya ghala. Nilijua nani anapisha nani na kwa nini. Mwenyewe alikuwa jikoni, hatua sita kutoka hapo, na sikuwahi kumtuma mgeni hata mmoja amuulize yeye anaionaje.

Barabarani tulimkuta yule kijana wa boda boda na wanaume watatu aliowapata mjini, ndio wanaanza kupanda. Waliniona na mzigo wangu, wakasimama kando ya njia. Kijana alivua kofia. Tukamlaza mama kwenye kiti cha nyuma, nikaendesha.

Hospitalini walimchukua mara moja. Baadaye daktari, binti mdogo aliyeonekana hajalala siku mbili, akatoka na karatasi. "Amepoteza damu nyingi. Mnasema alijikata saa sita na robo. Mlikuwa wapi muda huo wote?"

Nilitazama sakafu. Ni Mueni aliyejibu. "Tulikuwa tunatafuta mwanaume."

Daktari akanitazama mimi, nimesimama pale pekupeku, tope na damu mpaka mabegani. Aliandika kitu akarudi ndani. Sijawahi kujisikia mdogo kama siku ile, na niliwahi kufukuzwa shule mbele ya gwaride.

Mama alipona, na alishukuru Mungu kanisani kwa sauti kubwa. Alilazwa karibu mwezi, akaongezwa damu, na mguu haukurudi kuwa kama zamani. Mshipa ulikatika, akawa anatembea na fimbo. Daktari alisema kama tungechelewa kidogo zaidi tungezungumza mengine. Nafula hakunilaumu kwa maneno. Alinipa chakula na kukaa mbali nami kwa wiki kadhaa, na hilo nililielewa. Wageni nikawalisha garini tena, na mandazi yakarudi.

Mambo hayakuishia hapo, kwa sababu habari ya mkwe aliyembeba mama mkwe mgongoni haikai ndani ya blanketi. Wazee wa ukoo wa baba mkwe waliniita. Tulikutana nyumbani kwa mama, siku ya Jumamosi, mchana. Wazee watano walikaa kwenye viti uani. Mimi niliwekwa nyuma ya ghala, kwenye gogo langu, nikisikiliza. Mama alikuwa ndani, dirisha limefunguliwa kidogo, na Nafula amesimama mlangoni kupokea maneno.

Mzee Wekesa, mdogo wake marehemu baba mkwe, alikuwa mkubwa wao. Alizungumza kwa upole. Alisema kila mtu anajua Barasa hakuwa na nia mbaya, na kwamba mama yuko hai kwa sababu yake. Lakini ngozi iligusana na ngozi au haikugusana, mkwe alimshika mama mkwe, na jambo hilo likiachwa hivi hivi litawafuata watoto. Inabidi alete mbuzi wa kuondoa aibu. Wazee wengine waliitikia. Niliona ni haki. Nilikuwa nimeshapanga moyoni ni mbuzi gani.

Ndipo fimbo ikasikika sakafuni ndani ya nyumba, ikija polepole mpaka dirishani.

"Nafula," mama akasema, "waambie wazee nimewasikia. Waambie huyo mbuzi ya kunibeba simtaki. Kunibeba nilimwambia mimi, kwa mdomo yangu. Hakuna aibu hapo."

Nafula akaanza kurudia, Mzee Wekesa akainua mkono kwamba wamesikia. Mzee akauliza, "Kwa hivyo mama anasema asilete kitu?"

"Sijasema hivyo," mama akajibu. "Alete. Alete mbuzi ya kuchelewa."

Wazee wakatazamana. Mmoja alikohoa. Mzee Wekesa aliugeuza mkongojo wake mkononi kwa muda mrefu, kisha akapaza sauti kuelekea ghalani. "Barasa, umesikia?"

Nilisimama, nikajibu kuelekea dirishani bila kumpitia mzee wala mke wangu. "Nimesikia, mama."

Hakuna aliyenikemea.